Kamyo Imelala kwenye Tambarare

Safari mwanangu,

Nimekaa kwenye jiwe la kufulia, ubao juu ya magoti, na kamyo iko mbele yangu. Wewe umepanda Rubaya tangu asubuhi kumuaga shangazi yako, na ninamujua: hatakuachilia kabla ya kukujaza tumbo na kukulilia kwenye koti. Utarudi jioni. Nina saa chache tu basi. Kesho kukipambazuka utakuwa kwenye usukani, unashuka Walikale kwa kazi ya Papa Matabaro, mwenye kamyo, na mimi nitasema "safari njema" kama muntu yeyote mwenye kusimama kando ya barabara.

Mambo ya blanketi, ya maji ya kuchemsha, ya kutokosa misa, mama yako amekuambia mara tatu, sina haja ya kuyarudilia. Mimi naandika juu ya kamyo. Ao tuseme naanzia kwa kamyo, juu sijui pa kuanzia kwingine.

Nimeiwasha mara nane tangu umeondoka. Mara nane imewaka. Ungekuwa hapa ungecheka, "Papa, iko muzima, iache ipumzike." Lakini hiyo njo inanichoma roho. Kamyo yenye kukataa kila siku ni rahisi, hata mutoto anaweza kuiponya. Hii imekataa mara tatu tu ndani ya miezi miwili: mara moja hapa kwetu, mara moja sokoni, mara moja Papa Matabaro mwenyewe akiwa ndani na koti yake ya Pasaka. Kila mara ukiirudilia baada ya saa moja, inawaka, utasema ilikuwa inakutania. Papa Matabaro alileta batri mupya kutoka Goma. Batri mupya, na ile mara ya tatu ikakataa nayo. Sasa anasema maharagi yake ya muzigo yanaoza, Safari ni fundi mwana wa fundi, ashuke nayo hivyo hivyo. Anakuamini wewe kwa sababu yangu. Na mimi ugonjwa wake siujui. Nadhani hujawahi kusikia neno hilo kinywani mwangu tangu umezaliwa, basi lisome tena: sijui.

Utakuta nimeitoa kwenye muteremuko. Iko hapa uwanjani, kwenye tambarare, pale mama yako anapoanika maharagi. Amekasirika. Ameniuliza kama kamyo nayo inaanikwa. Nilichukua karatasi.

Hapa Masisi kila kamyo inalala pua kwa chini, jiwe mbele ya gurudumu. Asubuhi unaondoa jiwe, unaachilia breki, mulima unakusukuma, unaingiza vitesi, gia ya pili, moteri inashika. Hatuulizi batri iko namna gani, hatuulizi kitu. Tunajivuna hata, tunasema mulima njo batri ya maskini. Wewe hukujua hata kufunga vifungo na ulikuwa unanibebea lile jiwe, tumbo mbele, ukitembea kama chifu. Nilikufundisha hivyo na nilikufundisha vibaya. Kamyo inaweza kuwa mugonjwa mwaka muzima na mulima ukakufichia. Kule Walikale njia inapita porini, matope na miti, na pahali unaposimama pamenyooka mbele na nyuma. Hakuna wa kukufichia.

Nimesimama, nimerudi. Mara ya tisa, imewaka. Imenikasirisha mpaka nimeipiga teke kwenye gurudumu, sasa kidole cha muguu kinaniuma.

Sikiliza. Watu wanafikiri nilikuita Safari juu ya kazi yangu ya shoferi. Ni mimi niliyeeneza hivyo. Jina lako ni la safari moja ambayo haikuondoka. Ya kwamba ulizaliwa ndani ya kamyo unaijua, Buleusa yote, kwao na mama yako, iliona. Lakini kuna kipande ambacho hakuna aliyekiona, na nimekaa nacho tangu wewe uko mutoto wa mugongoni mpaka leo unanyoa ndevu.

Nilikuwa shoferi wa Bwana mumoja mwenye shamba ya kahawa, zamani, uhuru haujasikika hata kwa uvumi. Shoferi mweusi mwenye kle, ufunguo wa kamyo, mukononi, wakati ule, alikuwa muntu. Mimi kle nilikwenda nayo hata kanisani, nikaiweka juu ya kitabu cha nyimbo ili ionekane. Na kamyo ile ilipata ugonjwa kama huu wa hii: siku tano muzima, siku moja kimya. Ilianza na mvua ya kwanza. Unajua nilifanya nini? Nilitikisa waya zote kwa pamoja, nikapiga na nyundo ile demareri, moteri ndogo yenye kuamsha kubwa, ikawaka, nikasema "Mungu ni mukubwa," nikaenda zangu. Jioni nikaisimamisha kwenye muteremuko. Bwana akaniuliza, "Kamyo iko sawa?" Nikasema, "Iko sawa, Bwana." Mwezi ukapita, akauliza tena. "Iko sawa." Kulikuwa shoferi mwingine mwenye kuitamani kle yangu, na nilijua nikisema iko mugonjwa watasema mimi njo nimeiharibu. Miezi mitano, Safari. Mulima na mimi, tukanyamaza pamoja.

Mama yako alikwenda kwao Buleusa kukuzaa, vile wanavyotaka kwao kwa mutoto wa kwanza. Nilimupeleka mimi na kamyo. Koko yako, mama ya mama yako, hakupenda ile mashini hata kidogo. Alisimama mbele ya watu wote akasema, "Mwanangu hatazalia ndani ya chuma hicho!" Tulicheka. Maneno ya mama mukwe, nani anayashika? Weka neno hilo akilini.

Siku zilipofika nikaletewa habari kwamba uchungu umeanza tangu jana na mutoto hashuki. Bwana akanipa kamyo nimupeleke mama yako kwa infirmiye, muuguzi, mwendo wa asubuhi moja. Nilifika Buleusa mvua imetoka kunyesha. Uwanja wa kanisa pale ni tambarare, hata chungwa ukiliweka chini haliviringiki. Watu wote walitoka. Na mimi nilizima moteri.

Nakuandikia sababu, juu njo kile kipande. Sikuzima kwa kuhurumia mafuta. Nilizima juu nilitaka wakwe zangu wasikie vile ninavyoiwasha. Nilijiona tayari: mama yako amelazwa nyuma, watu wamezunguka, mimi napanda, nageuza kle polepole, na wao wote "eeeh!" Mwanamuke yuko ndani ya nyumba anauma kitambaa, na mimi nawaza heshima. Nilijua kamyo iko mugonjwa. Nilijua, nikazima.

Tukamuleta mama yako, tukamulaza nyuma. Nikapanda, nikageuza kle, nikabonyeza. Ikafanya "tak." Mara moja, kisha kimya.

Utaniuliza, na manivela? Kile chuma cha kuzungushia moteri kwa mukono, kila kamyo ya zamani ilikuwa nacho. Yangu ilikuwa Masisi. Kwa sababu ya mulima sikuihitaji, na mama yako alikuwa anafungia nayo mulango wa jikoni. Wanaume wa Buleusa walisukuma mpaka magurudumu yakazama kwenye matope, wakachimba, wakasukuma tena, wengine wakaanza kuimba ili wapate nguvu, na mimi juu ya usukani nilikuwa nalia kama mutoto, natikisa waya, napiga nyundo. Bule. Ulizaliwa saa tisa ya muchana juu ya magunia matupu ya kahawa. Koko yako njo alikupokea. Mama yako alitoka damu mpaka midomo yake ikabadilika rangi, na nilimuahidi Mungu vitu ambavyo sikuvitimiza.

Saa kumi na moja nikageuza kle tena. Ikawaka. Kwa kidole kimoja, Safari.

Mama yako aliishi. Infirmiye akatuambia hakutakuwa mutoto mwingine. Yaliyofuata umekua ndani yake, umewasikia wanawake kisimani: "Mama wa mumoja." Shangazi yako huyo huyo unayemuaga leo alinitafutia wa pili, binti mwenye afya, nikakataa, na watu wakasema ona vile anavyomupenda muke wake. Ninamupenda, ndiyo. Lakini kukataa kule hakukuwa upendo mutupu. Ningemuoa mwingine na uso gani?

Na koko yako. Watu walikumbuka neno lake. Walisema mudomo wake njo ulifunga kamyo, alitamka mwanangu hatazalia ndani ya chuma, na chuma kikakasirika kikafanya vile alivyokataza. Mwanzoni alibishana. Kisha akaanza kuamini. Mpaka anakufa, kila kamyo ikisikika mbali, alikuwa anajipiga mudomo na kiganja, pa, pa, polepole, bila kujua kama watu wanamuona. Wewe ulikuwa mudogo, ukaniuliza, "Papa, mbona koko anajipiga?" Nikakuambia ni uzee. Hata tulipokuwa tunashusha sanduku lake nilishika kamba na sikufungua kinywa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tuliandika hivyo shuleni kwenye vibao, kwa mwandiko muzuri. Hawakutuambia kwamba wakati mwingine kifo kinamuumbua muntu mwingine, asiyeficha kitu.

Mama yako hajui. Anafikiri kamyo ilikufa siku ile tu, bahati mbaya, na katika moyo wake sijui kama hamushitaki mama yake kidogo. Hajasema. Usimuambie wewe. Nitamuambia mimi, siku moja.

Nimesoma hapo juu, "siku moja." Angalia vile mukono wangu ulivyo na mazoea.

Ngoja, niende kuiwasha mara ya kumi.

Inakataa! Safari, inakataa!

Sasa jua limeteremuka, na tangu mustari huo wa juu mambo mengi yamepita hapa uwanjani. Nitajaribu kuyaandika kwa utaratibu.

Ilifanya "tak," kisha kimya, na mimi nikapiga kelele ya furaha, jirani akatoka kuangalia kama nimepata mali. Nilitaka kukimbilia waya. Nikajizuia, nikaweka mikono nyuma ya mugongo kabisa, kama muntu kwenye komunyo. Ukitikisa waya zote na ikawaka, hukuponya kitu, umemufukuza mwizi kabla ya kumuona uso. Kamyo ya namna hii ikikataa njo imekubali kusema. Mimi zamani kila ilipoanza kusema niliipiga nyundo.

Nikawasha taa za mbele: nzuri, zenye nguvu. Nikabonyeza demareri: tak, na taa zikafifia karibu kuzimika. Hapo kila muntu anasema batri. Lakini batri ni mupya, basi nguvu iko, njia njo imekatika. Na nguvu ya batri iko na njia mbili, ya kwenda na ya kurudi. Sisi wote tunaangalia ile ya kwenda, waya munene mwekundu. Ya kurudi tunaisahau. Inapita kwenye chuma chenyewe cha gari mpaka kwenye waya mufupi mweusi, ule tunaouita masi, uliofungwa kwenye shasi, mifupa ya gari, na bolti moja. Moja tu.

Kupima nilihitaji muntu wa kubonyeza, na nyumbani alikuwa mama yako peke yake, mbele ya jikoni, lungo ya maharagi kwenye mapaja.

"Mama Safari! Kuja unisaidie!"

"Niko na kazi."

"Kidogo tu. Unapanda, unabonyeza hapa nikisema."

"Ndani humo? Aka! Tafuta jirani."

Unajua vile anavyosafiri: nyuma, juu ya mizigo, hata mvua ikinyesha, na uso umeangalia tulikotoka. Umekuwa unamucheka. Tangu Buleusa hajakaa ndani ya kabini. Lakini leo aliona uso wangu, nadhani, ao aliwaza kwamba kesho wewe njo utakuwa ndani humo. Akafunga konzi ya maharagi kwenye pembe ya kitenge chake, akaja, akapanda, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama muntu aliyekaa kwa mugeni.

Nikachukua ile taa yangu ndogo yenye nyaya mbili. Waya mumoja nikaugusisha kwenye kichwa cha batri pale masi inapotoka, wa pili kwenye shasi, kwenye pahali nilipokwangua na kisu. Njia ya kurudi ikiwa nzuri, taa hii inabaki giza hata ukibonyeza. Njia ikiwa imekatika, nguvu itapita kwa taa.

"Bonyeza!"

Tak. Taa ikawaka.

"Tena!"

Ikawaka tena, nyekundu, nzuri, sijaona kitu kizuri kama hicho mwaka huu. Nikaingia chini, nikaweka kidole kwenye ile bolti, nikakiondoa haraka: moto. Shika hii kuliko yote niliyokufundisha: ikikataa, bonyeza mara mbili tatu, kisha pitisha kidole kwenye kila bolti ya waya munene. Ile yenye moto njo yenye kukuzuia.

Nikafungua. Na chini ya bolti, Safari, kulikuwa rangi. Kijani, mupya, yenye kung'aa. Nani alipaka shasi hii rangi, wakati ule Papa Matabaro aliposema anataka kamyo yake ipendeze sokoni? Mimi. Nilipaka kila pahali, nikarudisha waya juu ya rangi, nikakaza. Chuma hakikugusa chuma, isipokuwa kidogo kwenye meno ya bolti, barabara ikitikisa inagusa, ikitikisa inaachana. Kamyo ilikataa mara ya kwanza juma lile lile, na miezi miwili nimetafuta kila pahali isipokuwa kwenye kazi ya mukono wangu.

Nikacheka peke yangu kule chini. "Ni bolti tu! Mama Safari, bolti moja tu!"

Kutoka kwenye kabini akasema, "Bolti tu?"

"Bolti tu!"

Kisha akasema, polepole, "Na ile ya Buleusa, ilikuwa nini?"

Nilikuwa nimelala mugongoni. Nilikuwa naona chuma, matope yaliyokauka, basi. Uso wake sikuuona, labda njo maana niliweza. Jibu la zamani lilikuwa tayari kwenye ulimi, "batri," neno fupi, limenitumikia miaka yote. Nikasema, "Sijui ilikuwa nini. Sikuitafuta."

"Ulijua iko mugonjwa?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ya kwanza."

Nikasikia kiti kinalia, amegeuka. "Mvua ya kwanza," akasema. "Tumbo langu lilikuwa bado halionekani."

Nikamuambia na ile ya kuzima. Yote, vile nilivyokuandikia, na kle, na "eeeh" ya watu.  Kuku walikuja wakatembea karibu na kichwa changu.

"Mama yangu alikuwa anajipiga mudomo," akasema.

"Najua."

"Miaka kumi na moja. Ulikuwa unamuona."

"Nilikuwa namuona."

Nilingoja ashuke anitukane, anipige na lungo, aite majirani. Ningeshukuru. Hakushuka. Nikasikia sauti yake, si ya hasira, ni ile anayotumia kwa muntu aliyekuja kufanya kazi shambani: "Tengeneza."

Nikakwangua rangi na kisu mpaka chuma kikawa cheupe, nikakwangua na kichwa cha waya, nikakaza kwa nguvu zangu zote, nikapaka grisi juu. Nikatoka, nikanyosha mukono nipewe nafasi kwenye usukani. Akaushika usukani. "Hapana," akasema. "Nionyeshe."

Nikamuonyesha, nimesimama nje, kwenye mulango: kle hivi, muguu hapa, bonyeza pale. Akabonyeza. Moteri ikashika mara moja, kuku wakakimbia, yeye akashituka akaachilia yote. Kisha akazima. Akafungua pembe ya kitenge, akatoa haragi moja, akaliweka mbele ya kioo. Akawasha tena. Haragi la pili.

Bado yuko ndani. Ninaandika na ninaisikia: inawaka, inanguruma kidogo, inazimwa, kimya, inawaka. Nilipokwenda kumuambia inatosha, tutamaliza batri, aliniangalia mpaka nikarudi kwenye jiwe langu. Mpaka sasa ni maharagi ishirini na sita. Msamaha hakuutaja, na mimi sikuuomba, ingekuwa haraka mno. Juu ya kile alichokitaja njo nakuandikia haya ya mwisho, na ni amri yake, siyo shauri langu.

Kesho hautashuka peke yako. Sisi wawili tutapanda nawe. Utapinda njia ya Buleusa, siku mbili zitapotea, na kwa Papa Matabaro nitakwenda mwenyewe usiku huu kumuambia, na habari ya rangi nitamuambia pia. Mama yako amesema nitakwenda kwenye kaburi ya mama yake, mbele ya wale waliosukuma, wangali hai wengi wao, na nitasema kwa kinywa changu mudomo wa nani ulifunga kamyo. Ninaogopa. Nimekaa hapa naogopa kuliko siku ile kwenye matope, na ningependa mvua inyeshe usiku kucha ikate njia. Nakuambia hivyo ili ujue baba yako ni muntu gani, sasa unavyokwenda kuishi mbali naye.

Ukirudi kutoka Rubaya utamukuta mama yako kwenye kiti chako. Usimuombe ashuke. Na jiwe la gurudumu usilitafute, nimelitupa kwenye mufereji.

Tukifika kesho kwenye uwanja wa kanisa, watu watatoka, vile walivyotoka siku ile. Mama yako atakuwa mbele, karibu yako. Utataka kuacha moteri ikinguruma, kwa ajili yangu, najua moyo wako. Usinifichie, Safari. Pale pale kwenye tambarare, zima.

Papa yako